Kopo la Tatu

Kwa misimu miwili nilijua thamani yangu bila kukisia. Ilikuwa makopo matatu ya mchele kwa juma, nayo iliandikwa kwa wino katika daftari la kamati ya ligi ya mpira wa kikapu ya Kisangani, ikapigwa muhuri juu yake. Watu wengi wanazeeka bila kuambiwa jambo hilo waziwazi. Mimi niliambiwa nikiwa na miaka ishirini na sita, na sikuona aibu hata kidogo.

Enzi hizo za chama kimoja, tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata sokoni, mji ulikuwa na timu sita za watu wazima. Mshahara haukuwepo. Timu ililisha wachezaji wake, basi. Mchele ulishuka kwa malori kutoka Bengamisa, ukapimwa kwa kopo tupu la maziwa ya unga, lile kubwa, na kila mchezaji alikuwa na idadi yake aliyokubaliana na kocha. Shida ikaja pale timu moja tajiri ilipoanza kutoa makopo kumi na tano kwa kila kijana mrefu aliyepita barabarani. Msimu mmoja tu, kila mwenye uwezo wa kugusa pete ya kikapu kwa mkono alikuwa amevaa jezi moja, na sisi wengine tumebaki kuwaokotea mipira ikitoka nje. Watu wakachoka kuangalia. Jumapili uwanja ukawa na mbuzi wengi kuliko mashabiki.

Ndipo kamati ikaweka kikomo. Timu yoyote isigawe zaidi ya makopo thelathini kwa juma, kwa wachezaji wake wote pamoja. Ukimtaka nyota wa makopo kumi, sawa, mchukue, lakini wenzake watagawana ishirini, na wakinuna ni juu yako. Kubadilishana wachezaji kukaruhusiwa kwa sharti moja gumu: kopo kwa kopo. Ukitoa mchezaji wa manane, upokee wa manane, au wawili wa manne, na usibaki na watu chini ya wanane. Halafu, kwa kuwa timu moja ilikwisha kumpa shemeji wa kiongozi wake makopo saba, naye hajui hata mpira unadundwa kwa mkono gani, wakaongeza kwamba kopo lililotolewa kwa huruma au kwa undugu haliingii kwenye hesabu ya kubadilishana. Walidhani wamefunga kila tundu. Sisi tulisoma kanuni zile kwa makini kuliko tulivyowahi kusoma kitu chochote shuleni.

Timu yetu ilikuwa ya upande wa Tshopo, na kocha wetu alikuwa fundi cherehani aliyewashonea nusu ya wakubwa wa mji abakosti, koti lile la chama lisilovaliwa na tai. Tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alituonyesha miondoko ya mchezo akiwa bado ametundika utepe wake wa kupimia shingoni. Nyota wetu alikuwa na makopo manane. Mmoja alikuwa na manne, waliobaki mawili mawili. Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa msimu mzima nilikuwa nimefunga vikapu viwili, kimoja kwa bahati, nilikuwa na matatu.

Kila mtu alijua sababu, au tulidhani tunajua. Mke wangu alikuwa amejifungua mapacha, na juma lile lile tonton alinipimia kopo la ziada bila kusema neno. Tangu hapo nikaitwa papa mapasa, na hakuna aliyelalamika, maana kwetu baba wa mapacha anaheshimiwa hata akikosa kikapu akiwa peke yake chini ya pete. Kazi yangu ilikuwa kukaa benchi. Niliipenda kazi hiyo. Nilikaa kushoto kwa tonton, nikaangalia watu wakitoka jasho, na nikapiga domo bila kukoma: yule anajifanya anaenda kulia, huyu akichoka anashika kiuno, yule mrefu haoni vizuri jua likiwa upande wa mto. Tonton hakunijibu. Alikuwa akiguna tu, macho uwanjani.

Sasa nyota wetu alikuwa rafiki yangu, na alikuwa amependa. Msichana alikaa ng'ambo ya mto, Lubunga, binti pekee wa mzee mmoja wa reli aliyefiwa na mke. Yule mzee hakuwa mkali, alikuwa na hofu tu. Hakutaka mwanawe avushwe mto na mtu anayebeba mizigo bandarini kwa siku. Alisema wazi: mkwe wangu awe na kazi ya reli na nyumba upande huu, asipokuwa nayo mwaka huu nitamsikiliza mwingine, na mwingine yupo. Kazi ya reli wakati ule ilikuwa ngumu kupata kama jino la kuku, isipokuwa kwa njia moja. Timu ya reli, iliyokuwa huko huko Lubunga, ilikuwa ikitafutia wachezaji wake kazi, na timu ya reli ilikuwa ikimtaka rafiki yangu tangu zamani.

Kanuni zilimruhusu. Mchezaji aliyeomba kuhama kwa sababu ya ndoa hakuzuiwa na kocha, mradi hesabu ilingane. Lakini hesabu ilikataa. Reli walikuwa wamejaza makopo yao thelathini. Wangempokea mtu wa manane kwa kutoa wanne wa mawili mawili, nao wangebaki saba, pungufu ya wanane. Mtu pekee waliyeweza kumwachia alikuwa mlingoti wao wa kati, jitu refu la makopo kumi na moja, ambaye hata hivyo alitaka kurudi upande wetu kwa sababu familia yake iko Mangobo. Manane kwa kumi na moja. Yalipungua matatu.

Alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye kizingiti, akabeba pacha mmoja bila kuulizwa.

"Papa mapasa," akasema, "hesabu inalingana na weye tu. Nane yangu na tatu yako, inafanya onze. Katika timu yote, mutu ya tatu iko weye peke yako."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini mwiko wa lituma, zile ndizi za kuponda. "Kumbe wanakuweka kama matabishi!" akasema. "Mama wa soko anauzisha muchele, anaongeza kidogo juu. Ile kidogo iko bwana yangu."

Nilicheka pia, lakini nitasema kweli, iliniuma kidogo. Hakuna aliyenitaka. Ilitakiwa namba yangu. Ningevuka mto kwa mtumbwi mara tatu kwa juma ili nikakae kwenye benchi la watu nisiowajua, kwa sababu tu mimi na rafiki yangu tukijumlishwa tunatoa kumi na moja. Mke wangu aliona sura yangu, akaacha utani. Akaniuliza kama yule msichana ni mzuri. Nikasema ni mzuri, na anampenda jamaa huyu kweli. "Bon," akasema, "vuka basi. Mto hauna meno."

Tonton aliposikia, hakulala. Bila nyota wake timu ingebaki kuwa kundi la watu wenye nia njema, na jitu la Mangobo lilikuwa na goti bovu, kila mtu alijua. Akasoma kanuni upya, akaona mlango. Akapeleka malalamiko kwa kamati: kopo la tatu la papa mapasa lilitolewa kwa huruma, si kwa mchezo. Kwa hiyo halihesabiwi. Kwa hiyo papa mapasa ni mtu wa mawili, jumla ni kumi, na hakuna anayehama.

Tulikutana darasani kwenye shule niliyofundisha, Jumapili mchana, watu wakitoka misa. Mwenyekiti wa kamati, mkuu wa shule nyingine, alikaa kwenye meza ya mwalimu na abakosti yake imefungwa mpaka koo, ingawa joto lilikuwa la kuchemsha maji. Sisi wachezaji tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Rafiki yangu alikaa mbele. Nyuma kabisa, mlangoni, alisimama yule mzee wa reli na kofia yake mkononi. Alikuwa amevuka mwenyewe kuja kusikia kama atapata mkwe.

Tonton alisema maneno yake kwa ufupi. "Citoyen président, ile kopo ya tatu haiko ya basket. Bibi yake alizaa mapasa, miye nikasikia huruma. Donc yee iko mutu wa mbili. Hesabu hailingane."

Mwenyekiti akanigeukia. "Papa mapasa, ni kweli?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Usiku kucha nilitafuta hoja za kuonyesha kwamba mtu wa vikapu viwili anastahili makopo matatu, na nyingine zilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye darasa langu mwenyewe, mahali ninapowapiga watoto fimbo wakisema uongo, na hotuba ikanikauka mdomoni. Nilimtazama rafiki yangu. Nilitazama kofia ya yule mzee, alivyokuwa akiizungusha.

"Ni kweli, citoyen," nikasema. "Kopo ilikuja juma ile ile walizaliwa."

Rafiki yangu aliinamisha kichwa juu ya dawati. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwenyekiti akachukua kalamu, akafungua daftari kwenye ukurasa wetu, akaanza kutafuta mstari wangu kwa kidole. Niliona aibu kwa mara ya kwanza, tena nyingi. Nilikuwa nimemnyima mtu mke kwa sababu ya unyofu wangu, na kopo langu nalo linakwenda.

Tonton alikuwa ameshashinda. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Hakukaa. Alivuta utepe wake shingoni, akauviringisha kwenye vidole, akaufungua, akauviringisha tena.

"Citoyen président, ngoja," akasema. "Usiandike. Nilidanganya."

Mwenyekiti akainua kalamu.

"Yee mwenyewe hajue," akaendelea, na sauti ile ya kuamsha mtaa ilikuwa imepungua hata tuliokuwa mbele tuliinama kusikia. "Huruma ya mapasa nilitoa, lakini nilitoa sabuni na kitambaa, ile yangu mwenyewe. Kopo iko ya macho yake. Yee anaikalaka kwa banc, anaangalia mutu, anajua atapita wapi. Mambo yote niliambiaka hii batoto ku mi-temps, yote iko yake. Yee anasemaka polepole, miye ninarudilia na sauti kubwa. Watu wanasema tonton iko fundi. Alors, fundi iko huyu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikumbuka ile sabuni, mche mzima, na kile kitambaa cha maua tulichokata nguo mbili ndogo. Nilikumbuka pia mapumziko mengi, tonton akipaza sauti kwamba yule mrefu asumbuliwe kwa upande wa jua, na mimi nikiitikia kwa kichwa na kufikiri jinsi tunavyofanana mawazo. Misimu miwili nilidhani napiga domo tu. Huo ndio ujinga wangu, na siuonei haya.

Mwenyekiti alimwuliza kama anaelewa anachosema, maana kwa maneno hayo anapoteza nyota wake leo hii. Tonton alijibu kwamba anaelewa, na kwamba anapoteza wawili, si mmoja. Kisha akakaa, akageuza uso dirishani. Muhuri ukapigwa. Manane na matatu, kumi na moja. Yule mzee wa reli alivaa kofia, akaivua tena, akaja mbele kumpa rafiki yangu mkono.

Nimepewa vyeti maishani, na siku moja nilipewa medali ya utumishi kwenye uwanja uliojaa watu. Sikumbuki kama nilifurahi sana. Lakini siku ile nilikwenda nyumbani kwa miguu nikimweleza kila niliyekutana naye, mpaka mke wangu akasikia habari kabla sijafika. Alinipokea uani na pacha kila mkono. "Kumbe uko na macho," akasema. "Na hii ndoo iko katikati ya njia siku tatu, hauione?"

Ndoa ilifungwa kabla ya mwaka kwisha, Lubunga, na samaki wa kutosha. Mchezo wetu wa kwanza dhidi ya timu yetu ya zamani ulikuwa kabla ya hapo, kwenye uwanja ule ule wa saruji wa Tshopo. Tulikuwa mbele kwa vikapu vitatu wakati wa mapumziko, kwa sababu nilijua kila goti na kila tabia ya wenzangu wa jana, na sasa kocha wa reli aliniuliza kwa heshima, akaandika. Nilikuwa nikimweleza rafiki yangu jinsi ya kumpita yule wa makopo manne ndipo nilipoangalia ng'ambo ya uwanja. Tonton alikuwa amekusanya vijana wake. Akafungua mdomo ili apaze sauti, akageuka kidogo kushoto, akatega sikio. Kushoto kwake palikuwa na mfuko wa mipira. Akautazama, kisha akanitazama mimi, na sote wawili, uwanja mzima ukituona, tukaanza kucheka.