Mikono Miwili kwenye Darubini

Haya yalianza jana Ijumaa, saa moja na robo jioni. Mzee Bajuta alifika kwenye uwanja wa shule yetu hapa Endasak, akavua kofia, akaishika ile darubini kubwa kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Kazi niliyopewa ilikuwa kusema neno moja tu, "Usiguse." Sikulisema.

Darubini ni ya dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Tangu eneo letu lifanywe mkoa, wageni kama yeye wameongezeka. Darubini yenyewe ni nene kama pipa, imekaa juu ya nguzo ya zege, kwenye chuma chenye mota inayoizungusha polepole kufuata nyota. Watu wanachungulia kwanza, kisha yeye anafunga kamera apige picha. Ukiisukuma hata kidogo, inapoteza nyota na inabidi ailenge upya. Sasa Mzee Bajuta aliegemea kabisa, na waliomfuata wakashika hivyo hivyo, maana mkubwa ameshika. Hakuna picha iliyopatikana.

Dada hakugomba. Alisema tu, "Kesho wakishika tena, nitafunga. Hakuna kuchungulia." Nikaondoka haraka, maana Bibi yangu hajachungulia bado. Jana goti lilimzuia.

Nilimkuta nyumbani anachambua maharage, nikamweleza.

"Sasa uliogopa nini?"

"Ni mzee, Bibi. Nimwambieje mzee atoe mikono?"

Akacheka, akasogeza ungo pembeni.

"Mwanangu, kuna siku moja mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa binti kama wewe, kwetu Maretadu. Alikuja mgeni, mzee wa heshima zake, baba akamtolea kigoda. Mimi nilijua mguu mmoja umepasuka, kwa kuwa ndicho nilichokalia nikikamua. Nikainamisha kichwa, nikasalimia vizuri, nikanyamaza. Si unajua tulivyolelewa. Mzee akakaa. Puu! Shuka huku, fimbo kule. Watu wakaziba midomo. Yeye, akiwa bado pale chini, akaniangalia. 'Binti, ulijua?' Nikasema, 'Ndiyo, babu.' Akapapasa udongo. 'Kumbe heshima yako ndiyo hii niliyoikalia.' Hakunichapa. Heri angenichapa, yangeisha siku ile ile."

Akavuta tena ungo, akatoa jiwe kwenye maharage.

"Basi sikia, mwanangu. Kusalimia ni kuanza tu. Ukimwona mkubwa anakosea, msalimie, kisha mwambie. Kwa upole, lakini mwambie, na iwe mapema, siyo akishaanguka. Mungu akupe uso usioogopa watu, na maneno yako yapokelewe popote utakapokwenda. Haya, kalale. Na hiyo nyota yenu kesho nataka kuiona, usije ukaninyima."

Leo asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kwa Mzee Bajuta. Alikuwa anatoa ng'ombe zizini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Nzuri."

Ng'ombe wakapita, mmoja mmoja, na mimi nimesimama tu kama mti wa boma.

"Umetumwa au umepotea?"

"Babu, ile darubini haishikwi. Ukiishika, inapoteza nyota. Na leo wakishika, watu hawataona tena. Bibi hajaona."

Akanitazama. "Mbona jana hukusema? Mimi nilidhani nikishika kwa mkono mmoja yule dada ataona namdharau!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainua fimbo yake. "Leo nitashika hii, mikono yote miwili. Nitakuwa wa kwanza. Wewe uniambie mbele ya watu, 'Babu, usiguse.' Wakisikia mimi nimeambiwa, nani atashika?"

"Mbele ya watu wote?"

"Jaribu hapa."

"Babu, usiguse."

"Hata ng'ombe hawajasikia."

Nikavuta pumzi. "Babu, usiguse!"

Ng'ombe wa mwisho akasimama mlangoni, akageuza kichwa.

"Hiyo sasa," akasema Mzee Bajuta. "Kamwambie bibi yako aje."