Kuku Si Ndege

Zuleha binti Hanifu alijua kunyonyoa kuku kabla Shamila hajajua kufunga kanga. Tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe asingekubali habari zake zianzie kwingine. Aliingia banda la kuku la sokoni mwaka shirika la umma alikokuwa mfagiaji wa ghala lilipofungwa, akaambiwa aende nyumbani. Miaka kumi na minne sasa. Alikuwa akimaliza kuku mzima kabla mteja hajamaliza kusalimiana na majirani, na ngozi haichubuki popote. Bunge likikaa na mji ukajaa wageni, wanunuzi walipita mabanda mengine bila kugeuza shingo. "Fundi yupo?" Ndilo jina lake sokoni, Fundi, na alilipenda kuliko alilopewa na baba yake.

Shamila huyo alifundishwa kazi na Zuleha mwenyewe. Alikuja kutoka Nzuguni, msichana asiyejua hata kushika kuku mabawa, Zuleha akamwonyesha kila kitu. Halafu ukaja mwaka wa mafua ya ndege.

Redio zote, ya taifa na hizi mpya za watu binafsi, hazikuwa na wimbo mwingine. Bwana mifugo akaja kuchagua mtu mmoja wa kwenda semina ya siku tatu. Aliuliza swali moja tu: nani anasoma vizuri? Zuleha aliishia darasa la nne. Shamila alikuwa na cheti cha kidato cha nne. Basi, likaisha hapo.

Shamila akarudi na gambuti, glavu, aproni na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na glavu nyingine za wenzake. Akaweka beseni la dawa mlangoni, kila aingiaye na atokaye akanyage humo. Akakataza watu kula wakiwa kazini. Akakataza kurudi nyumbani na kandambili za bandani. La kuudhi zaidi, bwana mifugo alisema ni Shamila atakayeamua kuku gani waingie. Wiki haikuisha, watu wakawa wanamwita Daktari.

Roho ilimuuma Zuleha. Alilala na wivu, akaamka nao, akanywa nao chai.

"Mafua ya ndege!" alisema siku moja kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza nyanya. "Sisi hapa tunauza kuku. Kuku si ndege. Nani kamwona kuku anaruka kwenda Arusha?"

Banda zima likaangua kicheko. Shamila naye alicheka kidogo, kisha akaeleza taratibu kwamba kuku naye ni ndege, bata naye ni ndege, na anayewashika wakiumwa anaweza kuumwa yeye. Watu wakaacha kazi wakamsikiliza. Zuleha hakulisamehe hilo.

Jumanne moja Kefa wa Mkonze akaleta matenga mawili ya kuku kwa baiskeli. "Mbukwenyi," akasalimu kwa lugha ya kwao. Kuku walikuwa wamejikunyata, macho nusu wazi, kinyesi cha kijani kimewagandia mikiani. Shamila aliinama akawatazama bila kugusa.

"Kaka Kefa, hawa hawaingii. Wanaumwa. Tumwite bwana mifugo."

Kefa, jasho likimtiririka, akamgeukia Zuleha. "Fundi, wewe unasemaje?"

Zuleha alikuwa ameshaona. Aliona tangu baiskeli ikiwa kule kwa wauza mkaa. Angenyamaza tu, ingetosha. Lakini banda zima lilikuwa likimtazama yeye, si Daktari, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, na utamu wa jambo hilo ukampanda kichwani.

"Mdondo tu huo," alisema. "Ugonjwa huo wa kuku uko hapa tangu enzi za babu zetu. Yahaya, chinja."

Yahaya, mchinjaji wao, akachinja. Zuleha akawanyonyoa wote kwa mikono mitupu, tena polepole, ili aonekane. Jioni aliliruka beseni la dawa makusudi, akarudi kwake Ipagala na kandambili zilezile.

Jumamosi kuku wake wa nyumbani wakaanza kufa. Hadi Jumapili alikuwa amepoteza ishirini. Jumatatu mjukuu wake Stara, mtoto wa miaka mitatu anayeshinda na vifaranga mapajani, akashikwa na homa na mafua. Hapo ndipo Zuleha alipoogopa. Akaenda kwa Shamila kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, Fundi," Shamila alimsalimu. Hakumsuta. Angemsuta, ingekuwa nafuu. Alimleta bwana mifugo, mizoga ikachomwa na kufukiwa, sampuli zikapelekwa Dar es Salaam, mtoto akapelekwa hospitali akalazwa peke yake. Siku tisa Zuleha alishinda mlangoni pa wodi.

Majibu yakaja. Mtoto alikuwa na malaria, na alikuwa ameshapona. Kuku walikuwa na mdondo, si mafua ya ndege.

Asubuhi aliporudi sokoni, Yahaya alimpokea kwa makofi. "Fundi alisema! Mdondo! Huyu Daktari wetu wa siku tatu alitaka kututia njaa bure. Kuanzia leo tenga liingie mradi Fundi kakubali."

Watu wakacheka. Shamila aliinamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kamba ya aproni. Zuleha alikuwa ameitamani siku hii, na sasa ilikuwa imeletwa mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kutabasamu tu.

"Nyamazeni," alisema. "Mimi sikujua kama ni mdondo. Hata bwana mifugo ilibidi asubiri Dar. Nilichojua ni kwamba wanaumwa. Niliwapitisha kwa sababu Shamila aliwakataa. Wivu tu, basi."

Mlangoni alikuwa amesimama Frida, karani wa ofisi za Bunge, mteja wake kwa miaka sita, na alikuwa amesikia yote. Frida akaingia, akampita bila kumtazama.

"Daktari," alisema, "nichagulie wewe kuku wanne."

Zuleha akainamia kazi yake. Alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo.