Nilipopiga Mkono wa Kushoto

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipoanza kunisumbua kanisani. Kila mpiga kinanda wetu alipoteleza, mtoto alikunja uso kama mtu aliyeuma ndimu, akaninong'oneza, "Mama, hapo siyo." Nilikuwa namfinya taratibu anyamaze. Jumapili moja mpiga kinanda mwenyewe alimsikia. Ni kijana mpole ambaye siku za kazi anauza simu karibu na mpaka. Ibada ilipoisha alimwita.

"Njoo, mdogo wangu. Nionyeshe ilitakiwa iweje."

Mtoto alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, akatafuta kidogo, akabonyeza. Yule kijana akacheka, wala hakukasirika.

"Mama, mimi nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia wenzangu," aliniambia. "Huyu akinifuata mimi, atabeba na makosa yangu. Mtafutie mwalimu wa kweli, tena wa piano."

Mwalimu wa piano, Tunduma! Ukitaka tairi la lori au mtu wa kukuvushia mzigo, utaelekezwa hata hujamaliza kuuliza. Lakini piano? Mimi nauza vitenge, na kibandani kwangu wanapita watu wa kila upande, kwa hiyo nilianza kuuliza wateja. Wazambia waliokuwa wakinisalimia kwa "mulishani" yao walidhani natania. Mwishowe mama mmoja wa Vwawa, aliyekuja kuchagua sare za kikundi chao, aliniambia kwamba jirani yake ni mwalimu mstaafu aliyefundisha muziki katika chuo cha ualimu, na sebuleni kwake kuna piano.

Tulimkuta amekaa barazani anachambua maharage. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha ndani, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika piano, kisha akamwambia binti yangu aimbe chochote. Akamwimbisha tena, akampigisha makofi, akamshika vidole kimoja kimoja kama anayekagua mahindi. Halafu akamtuma nje akaangalie vifaranga.

"Sikio kazaliwa nalo," aliniambia. "Mimi nitamfundisha mikono na utulivu. Ila nina sharti. Kila Jumamosi, somo zima, wewe utakaa hapa, kwenye kiti hiki. Sitaki mzazi wa kumwacha mtoto mlangoni akaenda zake."

Jumamosi ndiyo siku yangu kubwa sokoni. Nilimwangalia mtoto dirishani, amechuchumaa anawaimbia vifaranga, nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Nyumbani piano haikuwepo, na ya kununua hatukuwa na pa kuanzia. Mume wangu ni fundi seremala. Jumamosi moja alitusindikiza, akatoa futi yake mfukoni, akapima upana wa vibonyezo, vyeupe na vyeusi. Wiki hiyo hiyo alileta ubao aliouchonga na kuupaka rangi, wenye vibonyezo vile vile, visivyotoa sauti yoyote. Tukauweka juu ya meza ya kulia. Jioni nikiwa nasonga ugali nilikuwa nasikia kucha zikigonga, tik, tik, tik. Baba yake akiingia alimuuliza, "Leo unapiga nini?" Naye alimwimbia wimbo wote huku vidole vikiendelea.

Mwalimu alimfundisha muziki wa kale wa Ulaya, vipande vifupi kutoka vitabu vilivyokuwa vimegeuka njano. Hakutaka haraka. Mtoto alipopiga vizuri, hakupiga makofi. Alisema tu, "Sasa tena, nisikie kidole kidogo." Ndugu zetu wa Isongole walipoomba aje awapigie harusini, Mwalimu alitikisa kichwa. "Mwacheni kwanza akue na muziki wake. Harusi zipo tu."

Likizo ya mavuno ya kahawa tulimpeleka Iyula kwa bibi yake. Huko alipanda mpera pamoja na binamu zake, tawi likakatika, akaanguka juu ya mkono wa kushoto. Hospitalini walimfunga plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Hakulia sana. Alimuuliza daktari swali moja tu: "Vitakuja kusogea?"

"Vitasogea, mama," daktari alimjibu. "Ila uvumilie."

Njiani niligeukia dirishani ili mtoto asione machozi yangu. Tulipofika nyumbani nilimpigia Mwalimu simu kumwambia kwamba hatutakuja mpaka apone.

"Amevunjika mkono gani?" aliuliza.

"Wa kushoto, Mwalimu."

"Na wa kulia uko wapi?"

"Wa kulia upo."

"Basi mlete Jumamosi."

Jumamosi hiyo nilikwenda kukaa kwenye kiti changu kama kawaida. Mwalimu akanizuia. Alikuwa ameweka benchi refu badala ya kigoda, na binti yangu alikuwa amekaa upande wa kulia, plasta yake juu ya mto mapajani.

"Kaa hapo kushoto kwake," Mwalimu aliniambia.

"Mimi?"

"Umenisikiliza muda wote huu. Ulifikiri nilikuweka kwenye kile kiti uwe pambo?"

Nilicheka, nikakataa, nikakaa. Vidole vyangu vimezoea kupima na kukunja vitambaa, na siku ile vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Mwalimu alinipa nota moja moja ya chini, ya kushikilia. Binti yangu alipiga za juu.

"Mama, unagonga," alinisahihisha. "Usigonge kama unabisha hodi. Kandamiza tu."

"Nisamehe, mwalimu wangu mdogo."

"Na usinikimbie. Nisubiri hapa."

Tulifanya mazoezi kwenye ubao jioni, mimi na yeye, mkono mmoja mmoja. Mume wangu alitukuta tumeinamia meza bila sauti yoyote, tukigombana kuhusu nani kawahi, akacheka hadi akaketi chini.

Nilikuwa nimemtazama mtoto yule kwa muda mrefu kutoka kitini, nikimwona ni mtoto mwenye kipaji. Pale kwenye benchi, bega lake likigusa langu, nilimwona anavyofanya kazi. Nilisikia anavyobana pumzi kabla ya sehemu ngumu, na jinsi mwili wake ulivyokuwa unajikaza alipokaribia mahali alipokosea jana. Kipaji nilikuwa nimekisifu kwa kila mtu. Ile hofu yake ndogo sikuwahi kuijua.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, umekakamaa. Aliuweka kwenye piano, vidole vikakataa kumtii. Akajaribu tena. Halafu akapiga vibonyezo kwa kiganja chote cha mkono wa kulia, akatoka nje analia. Niliinuka kumfuata.

"Mwache kidogo," alisema Mwalimu.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu, kwa hiyo nikapiga sehemu yangu, peke yangu, vibaya, kuanzia mwanzo. Nilikuwa naelekea mwisho alipoingia, macho yamevimba. Alikaa, akaweka mkono wake mwembamba juu ya mkono wangu, na vidole vyangu vilipozama, vyake vilizama pamoja navyo. Tulipiga hivyo somo zima. Wiki zilizofuata tuliendelea hivyo hivyo, mpaka nikahisi vidole vyake ndivyo vinavyosukuma vyangu.

Mvua zilipokwisha, Mwalimu aliwaalika majirani wachache waje wanywe chai na kusikiliza. Mume wangu alivaa shati lake la kanisani. Nilisogea kukaa mahali pangu kwenye benchi, binti yangu akanishika mkono.

"Mama, leo nitapiga yote."

Nilikwenda kukaa kwenye kochi kando ya baba yake. Alipiga kipande kile kile, mikono yote miwili, polepole kuliko tulivyozoea. Katikati mkono wa kushoto ulichelewa, niliusikia kabla ya mtu yeyote, vidole vyangu vikajikunja vyenyewe juu ya goti. Hakusimama. Aliusubiri, ukafika, akaendelea hadi mwisho. Mume wangu, aliyekuwa ameviona vidole vyangu, aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kumetokea kitu.

"Hapana," nilimwambia. "Amekimaliza."