Traka Mbili, Namba Moja

Walimleta kwenye duka langu Masimba wakiwa wameshamvunja mkono. Aliubeba kwa ule mzima, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Alikuwa mkulima wa majani chai wa upande wa Itumbe, mtu mzima wa umri wa baba yangu. Nyuma yake wanabodaboda walisukuma pikipiki yake.

"Fundi, traka uliweka wewe," akasema mmoja wao, ambaye pikipiki yake iliibwa asubuhi Keroka. Akanionyesha simu, ambayo traka huitumia alama ya mahali pikipiki ilipo. Alama ilikuwa imewaongoza hadi boma la mzee. "Tuambie ameificha wapi."

"Niko na hii yangu tu," mzee akasema. "Nimewaambia."

"Nyamaza, omoibi! Mwizi hata aibu huna!"

Akapigwa teke la mgongo, akagonga mlango wangu wa mabati. Mmoja alikuwa na tairi kuukuu begani.

Niseme haki: huyo aliyeibiwa sikumwona akimgusa mzee. Alisimama tu akilia kwa hasira. Lakini pia hakuwazuia.

Nikafungua traka niliyomfungia mzee pia, chini ya kiti cha pikipiki yake, nikaichomeka kwa laptopu. Nina programu ya akili bandia ambayo unaiandikia shida, nayo inaingia yenyewe kwenye kifaa kukagua kilichomo. Mimi niliishia darasa la nane, mara nyingi naifuata kwa kubahatisha. Nikaandika kwamba traka inaonyesha mahali pa uongo, nikaipa kutoka daftarini namba ya traka ya pikipiki iliyoibwa. Vidole vilikosea mara mbili.

Kabla ya kuanza ikaniuliza maswali. Programu iliyo ndani ya traka ilitoka wapi? Na je, inaruhusiwa kusoma tu, au kusoma na kuandika, yaani kubadilisha kilichomo?

Nje nikasikia pigo, sauti kama ya kuni mbichi zikipasuliwa.

Swali la kwanza lilinichoma. Traka hizo mbili nilizifunga wiki moja. Programu ya traka ya kwanza niliinakili kwenye ya pili, na kila moja ilipaswa kupewa namba yake. Stima ilipotea katikati. Iliporudi, nilibadilisha namba? Nilijiambia ndiyo. Tena huyu aliyeibiwa alikuwa amenilalamikia kwamba alama inarukaruka, nikamjibu ni mtandao.

Ningeiruhusu iandike, namba ingebadilika na hakuna ambaye angejua. Kidole kilikaa hapo. Ningependa kusema mimi ni mwaminifu, lakini labda niliogopa tu kwamba ingeweka kumbukumbu. Nikachagua kusoma tu.

Ikajibu: namba ya traka hii ni ile ile ya traka ya pikipiki iliyopotea. Zote mbili zinaonekana kwenye simu kama moja. Huenda programu ilinakiliwa bila kubadilishwa namba.

Harufu ya petroli ikaingia dukani.

"Fundi, unasoma Biblia huko?" mmoja akauliza, wakacheka.

Nikatoka na traka mkononi. "Kosa ni langu. Traka mbili nilizipa namba moja. Simu inaonyesha ya mzee."

"Unamtetea kwa sababu ni Msabato mwenzako!"

"Ina betri yake. Ibebeni, tembeeni, muangalie simu."

Aliyeibiwa akaichukua, akaenda hadi kituo cha mafuta akitazama simu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. "Alama imenifuata," akasema. "Huyu mzee si mwizi."

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Sikuona ni ya nani, kwa hiyo simshuku mtu. Nilianguka, wakanipiga mbavu kwa buti, na petroli waliyomletea mzee ikanimwagikia shati. Nilimeza jino. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba walikuwa na sababu zaidi ya kunipiga mimi kuliko mzee. Sababu ya kiberiti alichotoa mmoja wao, sidhani.

Mzee ndiye aliyepaza sauti, kutoka pale mlangoni alipokuwa ameketi.

"Wachaneni na yeye! Mmenivunja mkono, mnaua fundi, sasa nani ananipeleka hospitali?"

Wakatazamana. Aliyekuwa na kiberiti akakirudisha mfukoni. Aliyeibiwa akawasha pikipiki ya mzee, wawili wakampandisha mzee na mmoja akaketi nyuma kumshikilia. Yake mwenyewe ilikuwa bado haijulikani iliko, na kwa kosa langu simu ilikuwa imempotezea muda wa kuifuata.

"Pole, baba," nikasema kutoka chini.

Mzee alikuwa tayari akimwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta.