Vidonge Nilivyovitunza

Mimi nilibeba masanduku ya risasi kichwani tangu mto Ruvuma mpaka kule juu Mueda, nikiwa msichana mdogo tu, vita vya kumtoa Mreno. Kwa hiyo moyo ulipoanza kunirukaruka uzeeni, nikasema utanyamaza wenyewe. Haukunyamaza. Bati likidondoka, unaruka. Mlango ukigongwa, unaruka. Na tangu waasi walipoivamia Palma tukaikimbia, kisha tukarudi, ndio ukawa mkorofi kabisa.

Ubaya, mjukuu wangu alikuwa ndani, mwali, karibu atolewe. Kumtoa mwali ni ngoma, na ngoma zetu si za kupapasa. Mama yake, binti yangu, akanikalia kooni.

"Mama, siku hiyo utakwenda Namoto kwa ndugu. Ngoma ikilia utatufia hapahapa, tuache mwali tushike sanda."

"Mabomu ya Mreno hayakuniua, aniue mpiga ngoma mwenye kitambi?"

Nilimjibu hivyo, lakini niliogopa. Yule mtoto, tulipokimbia porini akachoka, ni mimi niliyembeba mgongoni, bibi mzima. Atolewe nami nisiwepo?

Tukaenda hospitali. Daktari binti mdogo, mpole, ananiita vovo, yaani bibi, kama wajukuu wanavyoniita. Akanifunga ule mpira mkononi, ukabana, akakunja uso.

"Vovo, vidonge vya presha tulivyokupa unakunywa?"

"Ninavyo." Nikafungua fundo la kapulana, kanga yangu ya kiunoni, nikamwonyesha kwa majivuno. Karibu vyote vilikuwemo.

"Mbona viko hapa?"

"Nimevitunza. Siku moyo ukinishambulia vibaya, nipate cha kujihami."

Kambini, enzi za vita vya Mreno, kidonge kilikuwa cha majeruhi. Ukinywa dawa na huku unatembea kwa miguu yako, wenzako wanakuona mroho. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hakuna aliyenifundisha vingine.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Binti yangu alilia.

"Hivi ni vya kila siku, vovo, kama chai. Hata ukijisikia mzima."

Akanisikiliza kifua, akanibandika nyaya, akasoma karatasi iliyotoka. Nikamwuliza kavukavu: "Moyo umeoza?"

"Haujaoza. Una presha, na una hofu ya vita, vile vya zamani na hivi vya juzi. Wanawake wengi waliobeba silaha wananijia hivihivi, wanadhani wana majini."

Nikashusha pumzi mpaka kiti kikalia. Kumbe na wenzangu! Nami nilidhani wao ni chuma, mbovu ni mimi peke yangu.

"Na ngoma?"

"Kunywa dawa, urudi nikupime. Presha ikishuka, nenda. Ila kaa pale unapouona mkono wa mpigaji kabla haujatua. Wewe unaumizwa na kushtukizwa."

Nilikunywa. Nikarudi kupimwa, imeshuka.

Siku ya mwali niliweka mkeka wangu mbele ya yule mwenye kitambi, nikamkodolea macho mpaka akaona haya. Mkono ukapanda, nikauona. Ukatua. Moyo ukaruka, halafu ukarudi ukakaa.

Mwali akatolewa, kafunikwa kapulana mpya. Nikainuka nikicheza.

"Mama, kaa!"

"Kaa wewe!"

Nikamfunua uso. Mwali hainui macho mbele ya watu, lakini wangu aliyainua kidogo, akaniangalia kifuani.

"Tazama chini, mwanangu," nikamwambia. "Moyo upo salama."