Mrina asali wa Ulyankulu anayetaka kurudi msituni na kisukari chake

Saa moja asubuhi, Ulyankulu mkoani Tabora, Kasimiri Nzeyimana anaweka chini tezo anayochongea mzinga, anachoma ncha ya kidole na kudondoshea tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Zablon, mrina asali mwenzake, anasogea kusoma naye.

"Sita," anasema Zablon. "Leo una adabu, kaka."

"Chonga mzinga, wewe. Acha udaktari," Kasimiri anamjibu, na wote wawili wanacheka.

Kasimiri, mwenye umri wa miaka 31, amerina asali tangu akiwa kijana mdogo. Miaka mitatu iliyopita alianza kukonda na kunywa maji bila kukata kiu. Alipopimwa aliambiwa ana kisukari cha aina ya kwanza, na kwamba atajidunga insulini kila siku.

Muuguzi Levina, anayemhudumia, alimweleza taratibu mpaka akaelewa. Ndani ya kongosho zipo chembe zinazotengeneza insulini, inayodhibiti sukari mwilini. Wataalamu wanadhani kwamba zikilemewa huweza kubadilika, kinga ya mwili ikaziona ngeni na kuziua.

"Ni kama nyuki walinzi wanaomkataa mwenzao kwa sababu harufu yake imebadilika," anasema Kasimiri. "Tangu siku ile sikujilaumu tena. Nilikuwa nadhani ni asali niliyolamba."

Warina asali hupiga kambi msituni wiki mbili. Mwaka juzi, Kasimiri alipojiandaa kwenda, mkewe Esperansi alimpangia chupa za insulini kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, zisipate joto. Kisha akawasihi wenzake: "Jamani, msimwache alambe asali."

Walishika neno lake. Siku moja Kasimiri alijidunga, akafanya kazi nzito, akachelewa kula. Sukari ikashuka mno. Akitetemeka na kutokwa jasho, alinyoosha mkono kwenye ndoo ya asali. Zablon akaiondoa.

"Nilimwambia, kaka, hii kwako ni sumu," anakumbuka Zablon. "Alilia kama mtoto. Nikaificha ndoo, kwa kumpenda."

Kasimiri alipoanza kulegea, Zablon alikimbilia juu ya kichuguu ambako simu hupata mtandao, akampigia Esperansi na kumweleza hali yake.

"Mpe asali! Upesi!"

"Shemeji, si ulituzuia?"

"Nilisema asilambe ovyo! Akitetemeka, sukari imeshuka, mpe!"

Zablon alimpakata kichwa, akampaka asali ndani ya shavu kidogo kidogo, hadi akafumbua macho.

Baada ya hapo kundi lilimwomba abaki nyumbani achonge mizinga. Mwaka jana walimletea fungu lake la asali, sawa kabisa na la waliopanda miti.

"Niliwashukuru sana," anasema. "Lakini walipoondoka nililia. Mimi kazi yangu iko juu ya mti."

Mwaka huu Esperansi alimwomba Levina awafundishe warina wote dalili za sukari kushuka. Jumapili iliyopita, baada ya misa, warina wakakaa kuamua kama Kasimiri arudi msituni. Mzee Anton, kiongozi wao, ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Aliwasikiliza, kisha akauliza swali moja: nani atalala karibu naye kambini?

Mikono yote ikanyooka.

Juni wataondoka pamoja. Kasimiri anapanga kutundika mizinga aliyoichonga, na msimu ukifika apande mwenyewe kuirina.

"Kila mmoja atatembea na kichupa cha asali mfukoni kwa ajili yangu," anasema, akimtazama Zablon. "Na huyu, hata tukigombana, lazima anipe."