Mchanga wa Maabara Yetu

Ukingo wa korongo ulipotuangukia, nilisikia kwanza ndoo ikipondeka. Ndoo ya bati, ina jina langu kwa rangi nyekundu. Halafu giza, na mchanga mdomoni, puani, mpaka chini ya kope. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeushika mguu wa jirani yangu wa dawati, aliyekuwa mbele yangu ndani ya shimo. Mguu ulirusha teke, ukarusha tena, kisha ukatulia. Niliushika hivyo hivyo mpaka wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakiosha kifusi chini ya korongo walipokuja na masepetu yao wakanivuta nje. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, jua linawaka, na sare tumevaa. Hilo la sare lishike, ndugu yangu, nitalirudia.

Yote haya yameamshwa na kijitabu. Mwezi uliopita shule yetu ya sekondari, ile ya huku pembeni mwa mji wa Kahama, ilifanya sherehe ya kuzaliwa kwake. Jirani yangu mama lishe alipata tenda ya kupika pilau, akaniomba nikamsaidie kuchambua mchele. Wageni walipokwisha kukaa, kila mtu akagawiwa kijitabu cha karatasi inayong'aa, hata sisi wa jikoni. Historia na Mafanikio. Nikakisoma kwa kidole, taratibu, maana mimi niliishia kidato cha pili.

Kimeandikwa vizuri, sikatai. Kinasema shule ilianza kwenye ghala la pamba, na ni kweli. Lakini aliyekiandika hakukaa mle. Sisi tulikaa. Tulikaa juu ya magunia, na nyuzi za pamba zilizobaki darini zilikuwa zikitudondokea siku nzima, jioni tunarudi nyumbani vichwa vyeupe, watoto wa mtaani wanatuamkia shikamoo, tunaitikia marahaba kwa sauti nzito. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoletwa kutoka Isaka. Ikigongwa unaisikia mpaka kwenye makarasha, pale baba zetu walipokuwa wakisaga mawe ya dhahabu, na makarasha nayo yalikuwa yakitujibu kutwa, du-du-du-du, mwalimu wa hisabati anapandisha sauti, anachoka, anaandika tu ubaoni.

Jirani yangu wa dawati alikuwa akija na michembe mfukoni, viazi vitamu alivyokausha mama yake kwenye paa. Tulikuwa tukiitafuna kimyakimya kipindi cha pili, mpaka mate yanakuwa matamu kama umelamba asali. Yeye alikuwa na akili, mimi nilikuwa na mwandiko. Ananinong'oneza jibu, namwandikia kichwa cha habari kwa herufi za kupamba. Alitaka kuwa nesi. Alikuwa akisema nesi lazima awe na mikono misafi, kwa hiyo kila akitoka kufagia uwanja anasugua kucha kwa jani la mpapai.

Sasa maabara. Ukurasa wa tano wa kijitabu umeipamba kwa picha. Umeandika kwamba maabara ndiyo iliyozaa madaktari wawili na wahandisi, na kwamba ilijengwa "kwa nguvu za wanafunzi na wazazi chini ya uongozi shupavu". Hapo nilikiweka kijitabu chini nikachambua mchele kwanza.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa ameahidi lori la mchanga. Lori lilikuja kweli, tuliliona, likapita mbele ya ghala letu likaenda kumwaga nyumbani kwake, alikokuwa akijenga. Nikusemee wewe mwenyekiti, maana hukutajwa kwa hilo popote. Mkuu wa shule alikuwa ameshamwambia mgeni wa mkoa kwamba kuta zitasimama kabla ya mvua. Basi ikatoka amri: kila Ijumaa kila mwanafunzi alete ndoo mbili za mchanga kutoka korongoni.

Mwanzoni tulichota juu. Fundi akaukataa, akasema una udongo, ukuta utapasuka. Mkuu wa shule akasimama mstarini akasema atakayeleta mchanga mchafu ataongezewa ndoo. Mchanga msafi ulikuwa chini, kwenye tumbo la ukingo. Na sisi tulikuwa watoto wa nani? Wa wachimbaji. Baba zetu wakiona mwamba unaingia ubavuni, wanaufuata ubavuni. Nasi tukaufuata mchanga vilevile, kwa magoti, tukilitoboa lile tumbo wiki hadi wiki. Tofauti ni kwamba baba zetu waliweka magogo ya kuzuia ardhi. Sisi tulikuwa na ndoo.

Baba yangu alikuwa na msemo wake wa machimboni: ardhi ikianza kukudondoshea vumbi inakuaga, na wewe iage. Ijumaa ile vumbi lilianza kudondoka shingoni mwangu. Nilitoka, nikamwambia mwalimu wa zamu, aliyekuwa amekaa kivulini na fimbo yake. Sijasahau alivyosema.

"Ndoo yako imejaa?"

Nikamwambia bado, Mwalimu.

"Basi vumbi gani unalonihadithia?"

Nikarudi ndani. Mwalimu yule leo ni mkubwa wa elimu, anakagua shule. Nakuona ukipita na gari, Mwalimu.

Siku tatu sikuweza kutamka neno, koo lilikuwa limechubuka kwa mchanga. Ndani ya siku tatu hizo mkuu wa shule alizunguka kwa wazazi na kwa wakubwa wa kata, akasema wasichana wawili walitoroka masomo kwenda kutafuta dhahabu korongoni. Nani angebisha? Huku kwetu watoto wanatoroka kila siku kwenda kuokota mawe. Uongo ule ulikuwa umeshonwa kwa vipimo vyetu. Nilipopata sauti, habari ilikuwa imeshafika sokoni ikarudi. Hata baba yangu, mchimbaji, alikaa kando ya kitanda changu akaniuliza kwa upole kama tulikuwa tumeona chochote kinachong'aa. Wanafunzi wenzetu waliambiwa atakayefungua mdomo ataandika mtihani nyumbani kwao. Mimi nikapewa barua ya kufukuzwa: utoro na kwenda machimboni saa za masomo.

Msibani, mama wa jirani yangu wa dawati alinishika mkono huu huu wa kulia. Alikuwa Msukuma wa Kishapu, Kiswahili chake kichache. Akaniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, mlikuwa mnatafuta nini?"

Nikamwita mama kwa lugha yake, "Mchanga, mayu. Tulitumwa." Sauti yangu ilikuwa kama ya chura, na mjomba mtu akamvuta pembeni akamwambia mwache, mtoto amechanganyikiwa. Baada ya arobaini alihama, akarudi kwao Kishapu, maana kila alipokwenda kisimani waliokuwa wakiteka walikuwa wakimsema mama wa mtoto wa dhahabu.

Kwenye sherehe, mgeni rasmi alikuwa nani? Yeye. Mkuu wa shule mstaafu, mvi safi, fimbo ya mpingo. Maabara imepewa jina lake, akakata utepe. Nilimpelekea sahani ya pilau mwenyewe, niliomba nafasi hiyo. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza nilimaliza mwaka gani. Nikamjibu sikumaliza, Mwalimu.

Akatikisa kichwa, akachukua kijiko. "Pole, mama. Utoro ulituharibia wengi."

Niliitua sahani upande, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni aibu ya mtu wa jikoni.

Ghala la pamba halipo tena, wamejenga fremu za maduka. Rimu ya Isaka iliuzwa chuma chakavu. Korongo limefukiwa, barabara imepita juu. Kimebaki kitu kimoja, ukuta wa maabara, na ndani ya ukuta ule umo mchanga wetu. Nilipita nikaugusa nikiwa natoka. Haujapasuka. Fundi alisema kweli.

Sasa wewe uliyekuwa mkuu wetu, nakuuliza mbele ya wanaosoma. Asubuhi ile majina yaliitwa, mimi na jirani yangu wa dawati tukaitika nipo. Mtoro gani anaitika nipo, anavaa sare, anabeba ndoo mbili zenye jina lake? Daftari la mahudhurio mmelificha wapi? Sitaki jina langu kwenye kijitabu chako. Mama yake bado yuko hai Kishapu, macho hayaoni vizuri, masikio yanasikia. Gari unalo, na dereva umepewa. Mchukue mwalimu wako wa zamu, mchukue na mwenyekiti wako wa bodi, nendeni mkakae mbele yake chini, si kwenye kiti, mmwambie nani alimtuma mwanawe korongoni. Amesubiri tangu mimi ni msichana. Mnakwenda lini?